KUTU HAIFICHWI KWA RANGI

Ukitaka kumwona mnunuzi wa motokaa kuukuu akikunja uso, mwambie kwamba motokaa unayomwuzia imeishi Mombasa. Kabla hajauliza habari za injini utamwona amechutama, anapitisha kidole chini ya milango na kugonga mabati kwa ngumi, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Ukimwuliza anatafuta nini atakujibu kwa neno moja tu: kutu.

Sisi wa pwani tumezoea kudharauliwa hivyo, na kusema kweli wanaotudharau wana haki. Injini yaweza kufa ikafufuliwa, kwani vipuri vyake hufungwa na kufunguliwa kwa spana. Lakini bodi ikishaliwa na kutu, hakuna spana itakayoirudisha. Wengi wetu hudhani kwamba dawa yake ni kuipeleka motokaa kwa fundi ipigwe rangi mpya, ing'are, na habari ikaishia hapo.

Nami nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipojitwika kazi ya kuifufua Peugeot 504 ya marehemu baba yangu. Kazi hiyo ilianza mwaka 2021 ikachukua miezi 14. Nimeona niwasimulie wasomaji yale niliyojifunza, kwa sababu mengine yalinigharimu fedha, na moja liliniumiza moyo.

MOTOKAA YA MWALIMU

Wasomaji walio vijana huenda wasijue Peugeot 504 ilikuwa nini katika nchi hii. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa motokaa bora ya mwaka katika Ulaya. Lakini sisi hatukuijua kwa tuzo za Ulaya. Tuliijua kwa Safari Rally, ambayo iliishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978, ile ya milango miwili, ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Zaidi ya hayo tuliijua kwa zile ndefu zilizochukua abiria wa Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu, ambazo dereva alikimbiza kana kwamba naye yumo mashindanoni. Ziliunganishwa hapa hapa Kenya, na hakuna mji uliokosa fundi aliyeijua 504 kama aijuavyo nyumba yake.

Baba alikuwa mwalimu. Alinunua ya kwake mwaka 1979, ikiwa tayari imetumiwa na mtu mwingine, yenye rangi ya maziwa. Nyumba yetu ilikuwa Majengo, na shule aliyofundisha ilikuwa ng'ambo ya Likoni. Kwa hiyo kila siku ya kazi motokaa ile ilivuka bahari mara mbili. Aliyewahi kuvuka Likoni anajua mambo yalivyo pale feri inapogusa nchi: magurudumu hukanyaga maji ya bahari, na siku za kusi kali mawimbi hurusha matone mpaka kwenye vioo.

Jioni baba alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuvua viatu alichukua ndoo mbili za maji, akapiga goti, akaimwagia motokaa chini, kwenye madigadi, chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Wala hayakuwa maji yoyote yale. Watu wa Mombasa wanajua tofauti ya maji ya kisima, ambayo mengi yana chumvi, na maji matamu ya mfereji, ambayo mfereji ukikauka hununuliwa kwa mitungi. Baba aliiogesha motokaa kwa maji matamu, na sisi watoto tukaoga ya kisima. Mama alikuwa akilalamika, "Mwalimu, hii motokaa ndiyo mtoto wako wa kwanza?" Baba hucheka tu, akamaliza ndoo ya pili.

Alifariki mwaka 2009. Motokaa ilibaki chini ya mkungu ubavuni mwa nyumba, ikiangukiwa na majani kwa miaka 12. Hatimaye ndugu zangu walileta mnunuzi wa vyuma chakavu, akaja na mizani yake. Mama alitoka nje, akasimama nyuma ya motokaa ile na kuweka mkono juu ya buti, akasema kwamba hakuna atakayempimia mumewe kwa kilo. Maneno hayo yalimaliza mkutano. Niliambiwa niitengeneze mimi, niliyekaa karibu naye. Lakini mama aliongeza sharti: kama fundi wa kweli akisema haifai tena kubeba watu, basi yeye mwenyewe angemwita yule mwenye mizani. Hakutaka kumbukumbu ya kumwua mtu.

ADUI NI NANI?

Kabla ya kupigana na adui sharti umjue. Kutu si uchafu uliokuja kutoka nje ukakaa juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe. Chuma hupatikana ardhini kikiwa mawe na udongo mwekundu, binadamu akakiyeyusha kwa moto mkali, na tangu siku hiyo chuma hutamani kurudi kilikotoka. Kinachohitaji ni vitu viwili tu, hewa na maji. Vikikutana juu ya bati tupu, bati hurudi kuwa udongo.

Chumvi huongeza mambo mawili. Kwanza, chuma kinapoliwa huwa kuna umeme mdogo sana unaopita katika unyevu ulio juu yake, na maji ya chumvi hupitisha umeme huo vizuri kuliko maji matamu. Pili, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo sababu chumvi ya jikoni hulowa siku za mvua. Basi motokaa yenye chumvi chini yake huwa mbichi hata siku ambayo haikunyesha. Motokaa ya Marsabit yaweza kulala nje miaka na mikaka ikabaki nzima, na ya Mombasa ikaoza ndani ya banda.

Jambo la tatu ndilo ambalo watu wengi hawalijui. Kutu huanzia mahali pasipoonekana. Bodi ya motokaa imeunganishwa kwa vipande vingi vya bati, kimoja juu ya kingine, vikashikwa kwa madoa ya moto. Baina ya bati na bati pana nafasi nyembamba kuliko unywele, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Yakishaingia hayatoki upesi. Tena kutu ni nene kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inapokua huyasukuma yale mabati mawili yaachane, na maji mengine yakapata njia. Siku utakapoona rangi imevimba kama lengelenge, fahamu kwamba kazi hiyo ilianza ndani zamani.

Kwa motokaa kama 504 jambo hili ni la hatari. Lori lina fremu yake nene ya chini, na bodi imekalishwa juu tu. Lakini 504 ya abiria haina fremu ya namna hiyo. Bodi ndiyo mifupa yake. Chini ya milango, kila upande, pana sanduku refu la bati lililo wazi ndani, ambalo nitaliita boriti. Boriti hizo mbili ndizo zinazoshika mbele na nyuma zisiachane. Zikioza, motokaa bado itatembea, itapiga honi na kung'ara. Lakini siku ya kugongana itakunjika kama boksi la karatasi.

KIDONDA CHINI YA PLASTA

Nilimpata fundi wa jua kali huko Changamwe, mtu wa maneno machache, aliyejifunza kazi ya bodi tangu ujana wake. Hakutazama injini. Alitoa mfukoni sumaku aliyoing'oa katika spika ya redio mbovu, akaifunga kitambaa ili isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha pole pole juu ya bodi. Penye bati sumaku hushika. Penye puti, yaani ule unga wa kuzibia mashimo uliochanganywa na dawa ya kuugandisha, sumaku huteleza na kuanguka.

Juu ya paa ilishika. Milangoni ilishika hapa na pale. Alipofika kwenye boriti ya upande wa dereva, sumaku ilianguka mchangani. Akaiokota akajaribu tena mbele kidogo, ikaanguka tena. Aliniangalia akasema, "Kaka, hapa hakuna bati. Hapa pana maneno matupu."

Akachukua bisibisi akaisukuma kwa mkono mmoja tu. Iliingia hadi kwenye mpini. Puti ilikuwa na unene wa vidole viwili, na tulipoibomoa tulikuta nyuma yake magazeti yaliyofinyangwa na kushindiliwa ndani ya boriti ili puti ipate pa kuegemea. Nilivuta karatasi moja iliyokuwa kavu kiasi, nikaikunjua. Ilikuwa na habari za Safari Rally ya mwaka 1994, ile ambayo Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Toyota Celica.

Hapo nguvu ziliniisha, kwa sababu mwaka 1994 niliukumbuka vizuri. Nilikuwa mvulana wa miaka 15. Baba alikuwa ameona mashimo chini ya milango, akachukua mkopo katika chama cha ushirika cha walimu, akaipeleka motokaa katika gereji moja ambayo sitaitaja. Nilikwenda naye kuichukua. Ilikuwa inang'ara, inanuka rangi mpya, na baba alizunguka mara mbili akiipapasa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiimba. Mkopo ule aliulipa kwa miaka miwili. Kumbe alikuwa akilipia magazeti.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Msomaji asidhani nailaumu puti yenyewe, kwani ina kazi yake. Ikipakwa nyembamba juu ya bati zima lililokwisha pata rangi ya kinga, husawazisha mabonde madogo na hudumu. Lakini puti iliyopakwa juu ya kutu hunyonya unyevu kama sifongo, ikakaa nao pale pale penye kidonda, na kutu ikala kwa raha bila kuonekana. Vivyo hivyo ile lami nyeusi inayopakwa chini ya motokaa. Ikiwa changa hunata na kukinga. Ikizeeka hukauka na kupata nyufa, maji yakapenya nyuma yake yasiweze kutoka. Chini ya motokaa yetu palikuwa na lami nyeusi safi kabisa kwa kuitazama, na nyuma yake ungeweza kukomba kutu kwa kijiko. Tuliikwangua kwa siku sita.

Hata hivyo fundi aliniambia jambo moja ambalo sikulielewa siku hiyo. Alipochungulia ndani ya boriti kwa tochi, alitikisa kichwa akasema, "Motokaa ya Likoni ya umri huu ilitakiwa kuwa chujio. Bati la ndani bado lipo. Kuna mtu aliitunza hii." Hayo ndiyo yaliyoiokoa na mizani. Alisema inatengenezeka.

KUKATA MPAKA PENYE UZIMA

Kanuni ya kwanza aliyonifundisha fundi ni kwamba kutu haitibiwi, hukatwa. Unakata mpaka unapofika penye bati jeupe lenye kulia vizuri likigongwa. Ukiwa na huruma ukaacha kipande kibovu, umepanda mbegu.

Lakini hukati ovyo. Kwanza tulitoa viti, mazulia, vioo na tangi la petroli. Tangi hutolewa likapelekwa mbali, na mtu asidanganyike kwamba likiwa tupu halina hatari, maana mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Kisha fundi alichomea vyuma viwili vya kushikilia katika kila uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Nilimwuliza vya nini. Akasema ukikata boriti bila vyuma hivyo, motokaa hujikunja katikati kwa uzito wake, na ukishaunga bati jipya utakuta milango haifungi mpaka kiyama. Tena hukata upande mmoja, akaumaliza kabisa, ndipo akahamia wa pili.

Boriti mpya tulizikunja wenyewe kwa bati la geji 18, yaani unene wa milimita 1.2 hivi. Sakafu tuliiweka viraka vinane. Alichomea kwa mashine ya waya, doa hapa, doa kule, akiacha bati lipoe, kwani bati jembamba likichomwa mfululizo hupinda kama jani la mgomba motoni.

Pale ambapo bati lilikuwa zima ila limetoboka vijishimo vidogo vya kutu juu juu, tulisugua kwa brashi ya waya na msasa, kisha tukapaka asidi ya fosfori. Asidi hiyo huigeuza kutu iliyobaki katika vijishimo ikawa ngozi ya kijivu iliyotulia. Lakini haiwezi kula kutu nene, na anayeipaka juu ya maganda anajidanganya. Ni lazima avae glavu, na baadaye paoshwe na kukaushwa kabisa kabla ya rangi. Rafiki mmoja alitushauri tuirushie bodi mchanga wa ufukweni kwa upepo wa kompresa ili kutu itoke upesi. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Ingekuwa ni kumfukuza mwizi na kumwachia ufunguo.

Bati tupu halikuachwa lilale usiku hata mmoja. Katika hewa ya Mombasa, bati lililosuguliwa asubuhi huanza kuwa jekundu jioni. Kila kipande kilichosafishwa kilipakwa siku hiyo hiyo rangi ya kinga ya epoksi, ile inayochanganywa kutoka makopo mawili. Katika sehemu za ndani ambazo zingefunikwa na bati jingine, tulitanguliza rangi yenye zinki. Zinki ina tabia ya ajabu. Ikiwa imegusana na chuma, adui hula zinki kwanza akakiacha chuma.

MANENO YA FUNDI WA VYOMBO

Wakati huo jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa majahazi huko Matondoni, Lamu, kabla ya kuhamia Mombasa, alikuwa akiniuliza kila nipitapo barazani kwake motokaa inaendeleaje. Jumapili moja nilimchukua akaione. Niliona fahari kumwonyesha jinsi tulivyokusudia kuziba kila tundu, juu na chini, ili tone la maji lisiingie.

Mzee aliizunguka kwa fimbo yake. Akauliza, "Na nguruzi zake ziko wapi, mjukuu wangu?"

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo. Akanieleza kwamba nguruzi ni kizibo cha mbao kilicho chini kabisa ya chombo. Chombo kikipwelewa pwani huchomolewa ili maji ya ngama, yaani maji yaliyokusanyika tumboni mwa chombo, yatoke. Kisha akaketi juu ya gurudumu akanisomesha kazi ya wazee wake. Mbao za jahazi huzibwa maungio kwa kalafati, yaani pamba iliyolowa mafuta, ikashindiliwa kwa nyundo na chembeu. Chini ya chombo hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyopondwa pamoja na mafuta ya mnyama, na juu hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Lakini kazi hiyo hairithiwi mara moja ikaisha. Chombo hupandishwa pwani tena na tena, kikakwanguliwa, kikapashwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kikapakwa upya.

"Hakuna chombo kisichoingiza maji," alisema. "Kuna chombo kinachojua kuyatoa, na kuna kinachozama."

Fundi wangu wa Changamwe, asiyewahi kulala baharini hata siku moja, aliweka nyundo chini akasikiliza. Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekiona miezi yote bila kukitambua. Chini ya kila mlango wa motokaa, na chini ya boriti, waliounda wameacha matundu madogo. Maji ya mvua huteremka kando ya kioo, yakapita ndani ya mlango, yakatokea pale chini. Ile gereji ya mwaka 1994 ilikuwa imeyaziba yote kwa puti na lami. Waliifanya motokaa kuwa mtungi.

KUZIBA, NA KUACHA WAZI

Basi tulifanya kama vyombo vinavyofanywa. Maungio yote tuliyakalafati, ila badala ya pamba tulitumia dawa ya kuziba maungio, inayokamuliwa kutoka kwenye mrija kama dawa ya meno na ikikauka hubaki laini kama mpira. Hupakwa juu ya rangi ya kinga, kamwe si juu ya bati tupu. Wengine hutumia silikoni ya madirishani kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ni kosa. Aina nyingi zake hunuka siki zinapokauka, na siki hiyo huuma chuma, tena rangi haishiki juu yake.

Baada ya hapo ndipo ikaja puti, nyembamba kama ganda la yai, na juu yake rangi yenyewe, ile ile ya maziwa. Chini, badala ya lami, tulipaka kinga ya mpira isiyopasuka upesi, na hatukuipaka nene, ili jicho liweze kuona kutu ikianza. Matundu ya kutolea maji tuliyazibua moja moja kwa msumari.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya kuweka nta. Ndani ya boriti na milango hakuna brashi inayofika, na kule ndiko moto wa kuchomea huunguza rangi ya upande wa pili. Kwa hiyo, rangi ilipokwisha kukauka, fundi aliingiza bomba jembamba lenye kichwa kinachorusha pande zote, akapuliza nta iliyolainishwa kwa mafuta. Humo ndani nta hutambaa na kuingia katika nyufa, ikafukuza maji, wala haikauki ikapasuka. Huwekwa mwisho kwa sababu rangi haishiki penye nta, na moto ukiigusa huwaka. Tulijua imefika kila mahali tulipoiona ikidondoka katika matundu ya chini. Tuliacha idondoke, kisha tukayazibua matundu tena.

Wapo wanaotumia oili chafu iliyotolewa katika injini. Ni rahisi, lakini huozesha mipira ya chini ya motokaa, hudhuru ngozi ya anayeipaka, huchafua ardhi, na mvua mbili tatu huiosha. Afadhali nta kidogo kila mwaka kabla ya masika.

MAJI MATAMU

Jambo moja lilinikaa kooni miezi yote hiyo, nalo ni lile gazeti. Sikujua kama nimwambie mama kwamba mumewe alidanganywa. Niliona kama ni kumvunjia heshima mtu aliye kaburini. Lakini siku motokaa ilipofika nyumbani, mama alipiga goti kwa shida, akapitisha kidole chini ya boriti, akagonga. Ililia kama chuma. Akauliza, "Humu mlikuta nini?"

Nikamwambia. Hakushtuka.

"Alijua," akasema. "Haikupita wiki tangu kuichukua. Alipoimwagia maji chini yalitoka mekundu. Akaja ndani akaniambia, 'Mama watoto, tumeuziwa rangi.' Mkopo amekwisha uchukua, atamshitaki nani? Akaniomba nisiwaambie watoto. Tangu siku hiyo ndoo mbili zikawa nne. Na mimi nikaacha kugombana naye kwa maji. Nilikuwa namwekea mimi mwenyewe."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kweli kelele za maji ziliisha nyumbani kwetu wakati fulani, na sisi watoto hatukuuliza kwa nini. Nikakumbuka pia maneno ya fundi, kwamba kuna mtu aliitunza. Yale maji matamu yaliosha chumvi kila jioni kutoka pale ambapo matundu yalikuwa yamezibwa na bati linaliwa, yakaichelewesha kutu miaka mingi. Gereji ilichukua fedha za mkopo ikaleta magazeti. Ndoo nne za maji, bila rangi wala dawa, ndizo zilizotuachia bati la kuchomea.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa una motokaa kuukuu pwani hii, usianze na rangi. Anza kwa kulala chini yake na sumaku mkononi. Palipo na puti nene pafungue, hata kama utaumia kwa utakayoyaona. Zibua matundu ya milango leo hii, haigharimu hata senti. Na ukitoka ng'ambo au ufukweni ioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kulala, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwishoni mwa mwaka 2022 tulivuka Likoni na mama akiwa amekaa mbele, kiti kile kile. Upepo ulikuwa mwingi na matone yalitufikia kwenye vioo. Tulimtembelea dada yake, tukala, tukarudi. Nilipozima injini chini ya mkungu nilikuwa nimechoka, nikasema nitaiosha kesho. Mama hakujibu. Aliingia ndani, na nilipogeuka nilimwona anatoka na ndoo, amejifunga leso kiunoni.

Nilimpokea. Nikapiga goti.